Maji ya Mwisho

Ndunge alikuwa amenusa chupa saba, zote nzuri, na zote zilimshinda bei. Waridi ilimshinda. Lavenda ndiyo kabisa. Kostiki soda ya kupikia sabuni ilikuwa tayari kikapuni, imefungwa karatasi mbili isije ikamuunguza, na mafuta ya ng'ombe alikuwa ameyachukua asubuhi kwa muuza nyama sokoni Machakos. Ilibaki harufu tu, na pesa iliyobaki ilikuwa ya kununua harufu na kurudi nyumbani Wamunyu, basi.

"Mama, utamaliza harufu yote na pua," Khadar mwenye duka alimtania. "Chukua hii ya limau. Limau haigombani na mtu."

"Limau ni ya vyombo. Mimi nataka ya kuoga, kuna mtu nampelekea." Akaonyesha mkebe wa vipande vyeupe kama barafu. "Na hiyo?"

"Hiyo ni kafuri. Hiyo wacha, si ya sabuni. Iko na kazi yake."

Ndunge akaufungua hata hivyo. Harufu ikampanda hadi machoni, baridi, kali, safi. Ilikuwa harufu ya dawa aliyomsugua Wathome mumewe kifuani katika miezi yake ya mwisho, alipokuwa bado na pumzi ya kumwambia kwamba mikono yake inakwaruza kama msasa. Jumapili iliyopita alikuwa amemwomba Mungu ishara kuhusu sabuni hii. Akauliza bei ya kafuri, na unafuu wake nao akauona ni ishara.

"Uliza kwanza huyo mtu unampelekea," Khadar alisema, sasa hacheki.

"Wewe unataka tu ninunue ya bei ghali. Mimi ni mjane, si mjinga."

Khadar akampimia.

Mtu mwenyewe alikuwa Qaali, mama yake Hoodo, mwenye duka la nguo na vipodozi mjini. Kwa miaka mingi Wathome alimuuzia mume wa Qaali mbuzi, na Wathome alipozikwa, Qaali alifika Wamunyu na gunia la mchele. Siku hiyo alinawa mikono kwa sabuni ya Ndunge, ile isiyo na harufu, akasema, "Hii itie harufu nzuri uniletee vipande arobaini. Wateja wangu wakipenda, rafu moja ni yako." Rafu hiyo ndiyo Ndunge aliyoilalia na kuiamkia, maana karo ya bintiye Mbithe haikuwa na mlango mwingine wa kutokea.

Akapika, akakoroga, akamimina kwenye pakiti za maziwa, akakata, akaacha vipande vikauke wiki nne juu ya kabati. Kisha akavipeleka.

"Mama Mbithe! Karibu, karibu. Leo tunuse utajiri wako."

"Nusa mwenyewe, Mama Hoodo. Hii ni harufu ya mbinguni."

Qaali akakileta kipande puani. Tabasamu likamfutika, akakirudisha kikapuni polepole. Mteja mmoja aliyekuwa akichagua mitandio akavuta mtandio wake juu ya pua, akatoka nje bila kuaga.

"Nani alikuuzia?"

"Khadar."

"Na hakukwambia kitu?"

Neno "hapana" lilikuwa tayari ulimini. Ndunge akalimeza. "Aliniambia niulize. Nikamjibu vibaya."

Qaali akaketi. "Sisi hii tunaogeshea maiti. Mama yangu alipofariki, kabla ya Ramadhani, nilimwogesha mimi na dada zangu. Maji ya mwisho ndiyo yanatiwa kafuri. Sijainusa tangu siku hiyo."

Wakati ule Ndunge alikuwa amekwenda kumpa pole. Aliketi mkekani, akanywa chai ya iliki, akasema Mungu ni mwema, na hakuuliza lolote.

"Ulimwogesha na mikono yako?"

"Na ya nani tena? Mtu haachi mama yake kwa wageni."

Qaali hakukusudia kumchoma, lakini neno lilipenya. Wathome alilala mochari siku tisa. Mhudumu alipouliza kama familia itaingia kumwogesha na kumvika, Ndunge alimkabidhi suti mlangoni, akarudi kukaa garini. Watu walisema amezidiwa na uchungu, naye akawaacha waseme hivyo. Ukweli ni kwamba aliogopa kumgusa.

"Pole, Mama Hoodo. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini rafu, ngoja kwanza. Yule aliyetoka atawaambia wengine. Labda baada ya miezi kadhaa, na limau."

Ndunge akabeba vipande vyake arobaini. Alipofika karibu na duka la Khadar alivuka barabara, akapita upande wa pili ameinamisha kichwa, kama mwizi. Alikuwa amemsingizia Mungu ishara, na moyoni alijua ni bei tu, na ukaidi.

Nyumbani akafungua sanduku, akatoa shati ambalo Wathome alivuliwa hospitalini. Lilikuwa bado ndani ya mfuko wa plastiki, halijafuliwa, kwa kuwa hakuwa na ujasiri wa kulishika. Akateka maji, akakaa kwenye kigoda uani. Akaanza na ukosi, palipokaa shingo, akashuka kifuani, kisha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, taratibu. Mikono yake ilikwaruza kitambaa.

Akamwaga maji hayo machafu, akateka mengine, akasuuza. Kisha akateka ya tatu, akachukua kipande kimoja cha sabuni ile ya kafuri, akakitumbukiza.