Jina Langu Ndani ya Alhamdu

Namshukuru Mwenyezi Mungu, anayetuteremshia mvua ya Rungwe hata tusipoiomba, na aliyenipa umri wa kukumbuka. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema.

Baba yangu alikuja Tukuyu kutoka pwani na cherehani yake, nami nikairithi. Mitumba iliporuhusiwa na kujaa sokoni, watu wakaacha kushonesha, na mwanangu mwenyewe akawa muuza mitumba. Sikumlaumu. Huko sokoni ndiko alikompata mchumba, binti wa wakulima wa ndizi wa kijiji cha Masoko. Binti akasilimu kwa hiari yake, tukawaozesha, wakakaa nasi Msasani, mtaa wetu hapa Tukuyu.

Kwa Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa hukaa mbali na baba mkwe. Hamtazami, hapiti mbele yake, wala halitamki jina lake. Desturi hiyo huiita ukutila. Kila nilipoingia uani, mkwe wangu alijifunika khanga kichwani akatokea mlango wa nyuma. Wanawake wa msikitini wakamsifu: tazameni mtu aliyesilimu juzi anavyojua stara. Lakini nilijua kwamba katika dini mimi ni kama baba yake, si mtu wa kukimbiwa.

Hilo nililivumilia. Lililonishinda ni sala. Mke wangu alikuwa akimfundisha Alhamdu, sura isomwayo katika kila sala, jikoni, nami nikisikiliza nyuma ya ukuta wa mbao. Wazazi wangu walinipa jina ambalo ni sifa mojawapo ya Mola, na sifa hiyo imo ndani ya sura ile. Kila alipolifikia neno hilo, binti alinyamaza, akalivuka, akaendelea na lifuatalo. Na Alhamdu iliyopungua neno haitimizi sala. Alikuwa akiamka alfajiri katika baridi yetu ile, akitawadha, kwa sala isiyotimia.

"Wangekupa jina la siku uliyozaliwa kama watu wengine," mke wangu aliniambia, "tusingehangaika hivi."

"Mwambie lilikuwa jina la Mungu kabla halijawa langu."

"Nimemwambia. Anasema Mungu si baba mkwe wake, wewe ndiye."

Nilimwendea kijana aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo, aliyekuwa akitoa darsa msikitini. Akanijibu upesi kwamba huo ni ushirikina, binti arudishwe kwao mpaka atubu. Nilirudi nyumbani nimeudhika kuliko nilivyokwenda. Binti hakuabudu chochote kingine. Aliniheshimu, basi.

Nikamwita mama yake. Alikuja na mkungu wa ndizi, akaketi barazani, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Tata," akasema, akiniita baba kwa lugha yao, "mtoto haonekani, hasikiki. Wenzako wanalia wakwe zao wana midomo. Wewe unalilia nini?"

"Sala yake, mama."

"Mungu atamwelewa. Watu wa Masoko hawataelewa. Akilitaja jina lako, halafu mtoto aliye tumboni akapata shida, atalaumiwa nani?"

Nilikuwa na majibu ya vitabuni, lakini niliona anaogopa kweli, nikayaacha.

Tukaishia kwenye jambo ambalo sikupata kulisoma popote. Akisomeshwa, binti husimama kabla ya neno, mimi, upande wangu wa ukuta, nalitamka, naye huendelea. Mtoto alizaliwa salama, wakafuata wengine, na bado tunasoma hivyo. Lakini sala husaliwa na mtu mwenyewe. Siwezi kumsalia mwenzangu neno moja. Nimemwuliza mwanangu mara nyingi kama mkewe, akisimama peke yake, hulitamka. Jibu lake ni lile lile: "Baba, anasali kimyakimya." Kila alfajiri namwomba Mola subira, na wakati mwingine huniishia kabla ya adhuhuri.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu azipokee sala zako hata pale zilipopungua, na akujaalie amani na wakwe zako. Amina.