Mama Twalib wa Hereni

Ukifika Misugusugu ukauliza kwa Mama Twalib, utaulizwa kwanza, "Yupi, yule wa hereni?" Ndiyo, huyo huyo, ni mimi, na naomba mjue mapema kwamba masikio yangu hayajawahi kutogwa (niliogopa sindano tangu mdogo), hizo hereni zina mwenyewe, na mwenyewe siku hiyo alikuwa na miezi minane. Mmeshaniuliza mara tatu nne, na kila mkiniuliza najifanya natafuta simu kwenye pochi. Haya, leo kaeni niwaambie, afadhali msikie kwangu kuliko kwa mama mkwe wangu, maana yeye akisimulia anasimama kabisa na kuigiza nilivyokuwa natembea.

Mnajua mimi nafanya kazi kiwandani kule Zegereni, mkaguzi wa ubora, chupa zinapita mbele yangu kutwa nzima na kazi yangu ni kuona kizibo kilichokaa upande. Na naviona! Hakijawahi kunipita, au tuseme kimenipita kimoja, na kile kilikuwa cha zamu ya mwenzangu. Sasa kwa kuwa natoka nyumbani alfajiri, mwanangu Twalib anashinda kwenye kituo cha kulelea watoto cha Mwalimu Agripina, mwalimu mstaafu aliyegeuza sebule na baraza ya nyumba yake kuwa sehemu ya watoto. Walezi walikuwa wawili, mmoja akaolewa kule kijijini Janga akaondoka zake, Mwalimu akawa anatuambia "natafuta, natafuta," mwezi ukaisha, wa pili ukaingia, na Zaituni akabaki peke yake na vichanga kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Timu nzima ya mpira, na hakuna hata mmoja anayejua kutembea.

Niliogopa, siwafichi. Jioni moja nilimkuta Zaituni ana mtoto mmoja mgongoni, mmoja mkononi, wa tatu kamzuia kwa mguu asitambae kwenda nje, na Twalib wangu yuko kwenye godoro kalowa mpaka mgongoni, analia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Nikawaza, je akipaliwa na uji nani atamwona? Usiku sikulala vizuri. Kwa hiyo Mwalimu alipoitisha kikao cha wazazi siku ya Jumamosi, nikasema hapa hapa, leo lazima niseme.

Mama mkwe wangu alikuwa kwetu wiki hiyo, amekuja kutoka Janga na kiroba cha mihogo kumwona mjukuu. Akaniona navaa, midomo inacheza, najifanyisha mazoezi ya hotuba.

"Mwanangu, nenda kaseme, lakini sema kidogo," akaniambia. "Wale ndio wanaokaa na mtoto."

"Mama, neno moja tu."

Neno moja hilo lilichukua kama dakika ishirini. Nilianza vizuri, hilo hata Mwalimu anakubali. Nikasema mlezi mmoja kwa watoto kumi na mmoja haiwezekani, siyo kwa ubaya, ni mikono miwili tu anayo, tunaomba wa pili apatikane haraka. Hapo ningekaa chini leo nisingekuwa na jina la hereni. Lakini watu wakapiga makofi (jamani, mtu kama mimi asipigiwe makofi), nikanogewa, nikapandisha mkono juu na kusema, "Ndugu wazazi, kwa hali hii ipo siku mzazi ataondoka hapa na mtoto asiye wake!" Makofi tena. Basi nikaongeza na kejeli. Zaituni ana utaratibu wake, mtoto yeyote akija kuchukuliwa yeye mwenyewe ndiye anayemleta, anamvua kofia, anamtaja jina, anamwangalia mzazi usoni, ndipo anamwachia. Nikamwigiza pale mbele ya watu, nikasema anakabidhi mtoto utadhani anakabidhi ofisi, na sisi tumesimama juani. Watu wakacheka. Nikamalizia, "Kama hawezi aondoke, aje anayeweza!"

Hapo makofi yakawa machache. Nikageuka, kumbe Zaituni amesimama mlangoni na mtoto begani, amesikia yote. Aliniangalia, akarudi ndani.

Sasa nyie mnajua vikao vyetu, ukifungua mdomo umejipa kazi. Baba Halima, fundi seremala, mtu mpole ambaye hata kukohoa anakohoa kwa adabu, akanyoosha mkono. "Mimi naunga mkono. Na napendekeza Mama Twalib awe mwenyekiti wetu wa kamati." Mikono yote juu, hata ya waliokuwa wanachati. Mwalimu Agripina akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Hongera, mwenyekiti. Basi mpaka mlezi wa pili apatikane, wazazi tutaingia zamu ya kusaidia kila Jumamosi. Mwenyekiti atatufungulia dimba."

"Hakuna shida, Mwalimu. Kuanzia lini?"

"Leo."

Wazazi wakatawanyika kwenye shughuli zao, huyu sokoni, yule saluni, Mama Glory akakimbilia mazoezi ya kwaya kanisani, mimi nikabaki na Zaituni na ile timu. Nilimsogelea kwa aibu, nikamwambia, "Dada Zaituni, yale ya kikaoni..." Akanikatisha, "Mshike huyu, anataka kutapika." Na kweli akatapika, kwenye blauzi yangu ya kikao.

Sitawamaliza kwa maelezo ya saa zile. Niseme tu kwamba chupa za Zegereni zina heshima, zinakuja kwa mstari, moja moja, na hazilii. Hawa mmoja akianza, wa pili anaitikia, wa tatu alikuwa amelala anaamka kuuliza kuna nini, ikafika mahali wanalia tisa, na wa kumi ni mimi, nilikuwa karibu sana. Nilimlisha uji mtoto mmoja mara mbili na mwingine nikamsahau kabisa. Nikamvalisha mmoja pampasi nyuma mbele. Zaituni alikuwa anapita nyuma yangu anarekebisha kimya kimya, anajua nani hapendi uji wa moto, nani halali bila kushikwa sikio, yuko peke yake lakini anazunguka utadhani wapo wanne. Roho iliniuma. Nikajua maneno yangu yalikuwa nusu ya kweli na nusu ya kutafuta makofi, na ile nusu ya makofi ndiyo ingemtoa yule dada kazini.

Kufika saa nane kasoro nilikuwa nimekwisha. Watoto wengi wamelala, wamepangwa kwenye magodoro, kumekuwa na ubaridi wa kipupwe kwa hiyo kila mmoja ana kofia ya sufu nyeupe, zile zile zinazouzwa stendi, imevutwa mpaka kwenye nyusi. Na Twalib wangu nilimfunika kanga ya sare. Mwezi uliopita jirani yetu alikuwa anamtoa mwali, tukakata sare mtaa mzima, Waislamu kwa Wakristo, kanga ya zambarau yenye maua ya njano (rangi alichagua shangazi wa mwali na hakuna aliyethubutu kumpinga). Nikaangalia godoroni, nikaiona zambarau yangu, na chini yake kichwa cheupe kimelala kifudifudi.

Zaituni yuko uani anamwosha mtoto. Akaniita, "Mama Twalib, subiri nije nikukabidhi mtoto."

"Usihangaike, nimeshamchukua!"

Basi, hilo ndilo kosa lenyewe, hakuna lingine. Kuokoa dakika mbili. Nikainama, nikamweka mgongoni, nikafunga kanga, hata hakuamka, nikaondoka. Mnajua mtoto akishakuwa mgongoni humwoni tena, unamsikia uzito tu, na uzito nikausikia umeongezeka kidogo, nikasema alhamdulillah, leo amekula vizuri.

Na njia nzima nasifiwa! Mama wa vitumbua pale barabarani akachungulia mgongoni kwangu akasema, "Huyu kafanana na baba yake mpaka kisogo." Nikacheka, nikamjibu, "Kila mtu anasema hivyo." Nikanunua vitumbua vitano. Nikatembea kwa maringo, mwenyekiti mzima.

Nyumbani mama mkwe alikuwa barazani anamenya mihogo. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu, nipe mjukuu wangu." Akanifungua kanga, akampokea mtoto, akamvua kofia ampoze jasho. Akamgeuza mtoto upande wa kulia, akamgeuza upande wa kushoto. Akaweka kisu chini.

"Mwanaidi."

Akiniita kwa jina langu ujue kuna msiba.

"Abee mama."

"Asubuhi hapa alitoka mjukuu wa kiume. Huyu ana hereni."

Nikatazama. Vihereni viwili vya dhahabu, vidogo kama punje za mtama, na mwenye navyo ameshaamka ananikodolea macho kwa mshangao kunishinda hata mimi. Glory! Mtoto wa Mama Glory, ambaye naye alikata sare ya mwali, kanga ile ile. Mtu wa kwanza kunijia kichwani hakuwa mimi wala Mwalimu, alikuwa Mama Glory amefika pale kituoni amekuta mwanawe hayupo. Nikaichomoa simu, niliinyamazisha tangu kikaoni, nikakuta imepigwa hata sijui mara ngapi, na grupu la wazazi linawaka moto, voisi juu ya voisi.

Nilikimbia. Ndala moja nimevaa, nyingine sijui iliishia wapi, Glory nimemkumbatia kifuani, blauzi ina matapishi, na nyuma yangu mama mkwe na kilemba chake anapaza sauti, "Mpisheni! Amebeba mtoto wa watu!" (Mama, hapana, siyo hivyo, siyo mbele ya watu!) Mtaa ukasimama. Mama wa vitumbua akauliza, "Kulikoni?" mama mkwe akamjibu huku anakimbia, "Hajafanana na baba yake!" Nikasikia watu wanaunga msafara nyuma yetu.

Tulipofika, Mama Glory alikuwa ameketi chini barazani na sare yake ya kwaya, machozi yanamtoka. Zaituni amechuchumaa mbele yake, na Twalib wangu begani, ametulia tuli. Baadaye nikaambiwa mambo yalivyokuwa. Mama Glory alipokuja, Zaituni akafanya kama kawaida yake, akachukua mtoto wa zambarau aliyebaki, akamvua kofia, akaanza kutaja jina, na papo hapo akajua. Akamshika Mama Glory mikono kabla hata hajapiga kelele, akamwambia, "Hajaibiwa. Yuko na Mama Twalib, kamchukua bila kukabidhiwa. Atamrudisha sasa hivi." Ndiye aliyemzuia yule mama asichanganyikiwe. Huyo ndiye niliyesema aondoke.

Mama Glory alimpokea mwanawe akamshika masikio, la kulia, la kushoto, akamkumbatia akalia upya. Nilipiga magoti pale pale. "Nisamehe, mama mwenzangu." Alikaa wiki mbili bila kuniitikia salamu, na alikuwa na haki. Wazazi wengine wamefika kuchukua watoto, kila mtu anaangalia mguu wangu usio na ndala. Ndipo Baba Halima akakohoa kwa adabu yake.

"Mwenyekiti," akasema, "asubuhi hoja yako sikuielewa vizuri. Sasa nimeielewa."

Hata Mama Glory alicheka kidogo, machozi yakiwa bado yanamtoka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Nikasimama, nikamgeukia Zaituni mbele ya watu wote, maana nilimtukana mbele ya watu wote. "Dada, asubuhi nilisema uondoke. Nimekosea. Ungekuwa na mwenzio uani, usingeniacha nitoke na mtoto, na mimi ningekusikiliza haya yasingetokea. Nisamehe." Zaituni akaniangalia kwa yale macho ya asubuhi, akasema, "Njoo basi nikukabidhi." Akamvua Twalib kofia. Akaniangalia usoni. "Twalib," akasema kwa sauti. Nikapokea.

Mwalimu Agripina hakuwa na pa kukimbilia tena. Akasema nimeona kwa macho yangu, mama mzazi, mkaguzi kabisa wa kiwandani, saa chache tu na hawa watoto hamtambui wa kwake, basi huyu binti mmoja miezi miwili nilikuwa namfanyia nini? Jumatatu mlezi wa pili atakuwepo hapa, akasema, hata nikamtoe wapi.

"Hata usihangaike," ikasikika sauti nyuma. Mama mkwe wangu, bado anahema, anafunga kilemba upya. "Mimi nimelea saba, wote walirudi kwa mama yao. Nitakaa na Zaituni. Mjukuu wangu simwachi mikononi mwa huyu." Na kidole akaninyooshea mimi, siyo mtu mwingine.

Alisema atakaa wiki moja tu, mihogo yake ya Janga sasa inamenywa na watu wengine, kwa sababu hajaondoka mpaka leo. Zaituni amenenepa kidogo, watoto wanalala wakavu, nilichokitaka kikaoni nimekipata chote. Uenyekiti nimejiuzulu. Vikaoni nikisimama nasema sentensi moja nakaa, na wakipiga makofi nakaa haraka zaidi. Ila kila jioni nikitoka kazini nasimama pale mlangoni juani, nangoja zamu yangu, mama mkwe anakuja na Twalib pole pole, anamvua kofia, ananigeuzia sikio la kulia, kisha la kushoto.

"Haya, mkaguzi," ananiambia. "Huyu ni nani, na ni wa kiume au wa kike?"

Na mimi najibu yote mawili, kwa sauti, mbele ya watu.