Kadi ya Kipa Aliyegeuza Mgongo

Ukija kwangu Guildford, huku ughaibuni, siku ya Jumamosi, ndugu yangu, utanikuta mezani na kompyuta, chai ya tangawizi ikipoa pembeni, natengeneza kadi za wachezaji wa besiboli. Usicheke, watu wanazitaka kweli. Wazee waliostaafu kwenye klabu za mitaani hunitumia picha zao za ujana, nami nawatengenezea kadi za mtindo wa zamani: rangi zilizopauka kidogo, ukingo wa rangi ya maziwa, jina kwenye utepe chini, na nyuma maelezo mafupi ya mchezaji. Siku nyingine zote nabandika lebo kwenye ghala moja Wetherill Park, kwa hiyo Jumamosi naila kwa raha zangu.

Jumamosi moja hivi karibuni akaja mzee wa Kikongo anayeishi Lidcombe. Huyu namjua tangu sijang'oa jino la kwanza. Alikuwa jirani yetu katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, tena ndiye kipa wa timu ya soka ya kambi. Alifuatana na mjukuu wake, msichana anayecheza besiboli. Klabuni kwa mjukuu, wenzake walikuwa wakioneshana kadi za babu zao, kadi nilizotengeneza mimi mwenyewe, basi naye akamuuliza babu yake kama naye alicheza mpira kweli au ni hadithi tu. Swali hilo ndilo lililomleta mzee kwangu.

"Papa, presentation yao, ile siku ya zawadi za klabu, ni lini?" nikauliza.

"Saturday yenye inakuja. Na mimi nataka aende na yangu."

Picha aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ile ya kuandikishwa kambini, ameshika kibao cha namba kifuani. Nikajiona fundi. Nikakikata kibao, nikamvalisha jezi ya kijani, nikampaka jua la mchana usoni, nikamwonesha palepale kwenye skrini. Akaisogelea skrini akiwa amekunja midomo.

"Apana, mama. Huyu haiko mimi. Huyu ni muntu mwenye alikuwa anangoja posho."

"You look scared, Babu," mjukuu akasema taratibu.

Walisema kweli. Picha nyingine haikuwepo, na mzee hakuwa na cha kumwonesha yule mtoto. Nikawaambia waniachie siku chache. Walipoondoka nikafumba macho kumtafuta yule kipa, na badala yake, wa kwanza kunijia akawa bibi yangu.

Bibi ndiye aliyeshona glavu za kipa. Alizishona kwa turubai la hema lililochanika, ndani akajaza mabaki ya vitenge, na kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kumchoka. Tulikaa mlangoni, sufuria ya dengu za njano ikitokota kwenye mafiga, moshi ukitufuata kila tulikosogea. Redio ya mtu fulani ilikuwa ikikoroma nyumba ya pili. Bibi alishona huku akiwasema wachezaji kwamba wanakula kama hawana wake.

Jumapili baada ya ibada kambi nzima ilimiminika uwanjani. Mwalimu wetu alichora namba za jezi kwa chokaa, na mvua ikinyesha kidogo tu kila mtu anabaki hana namba, tunamtambua kwa mwendo wake. Shida ya zile glavu ni kwamba turubai likikauka linateleza, mpira unaponyoka kama sabuni. Likiloa linashika. Basi mimi nilikaa nyuma ya goli na kopo la maji. Mpira ukiwa mbali, kipa alirudisha mikono yake nyuma bila kugeuka, viganja juu, nami nikamwagia. Hakuwahi kuniita wala kutazama kama nipo. Nilijivuna kwa kazi ile kuliko chochote nilichopewa baadaye maishani, na sisemi hivyo kukufurahisha.

Maji yenyewe yalikuwa ya foleni. Bibi alinipimia kopo, na kila Jumapili aliniambia neno lilelile: "Ukimwaga yote, tutapikia nini?"

Nikafumbua macho nikiwa nimeelewa kwa nini uso wa kipa haunijii. Mimi sikuwahi kumwona akicheza kwa mbele. Nilichonacho ni mgongo wake, shingo yenye jasho, yale masikio yaliyochomoza, na mikono miwili imeelekezwa kwangu. Kadi haitengenezwi hivyo, mchezaji lazima aonekane sura. Nikachora mgongo hivyo hivyo. Vumbi jekundu mbele yake, namba ya chokaa imefutika nusu, glavu zinadondosha maji.

Waliporudi niliwapa kadi. Mzee akaipokea, akamsogezea mjukuu aione. Mjukuu ndiye aliyeangua kicheko.

"Babu, those are your ears!" Akajishika masikio yake, kwa maana ni yaleyale. "But why are your hands like that?"

Mzee akainuka kwenye kochi langu, akatugeuzia mgongo, akachuchumaa kidogo kama mtu anayengoja kona, akarudisha mikono nyuma, viganja juu. Nikaanza kumweleza mtoto habari ya turubai na maji, lakini hakungoja nimalize. Alichukua glasi ya maji mezani akaimimina yote kwenye viganja vya babu yake, juu ya zulia langu.

Ile kambi ilifungwa, na nasikia uwanja umeota majani. Glavu tuliziacha, na bibi tulimwacha katika udongo uleule. Nampenda na ninamkosa, sina maneno mengine. Pale sebuleni mzee alifumba ngumi zake zilizoloa, akasema, "Sasa inashika." Nami nilisimama nikitazama zulia likinywa maji, nikisubiri mtu aniulize tutapikia nini.