Vitabu Vitatu vya Karatasi ya Saruji

Mitumba ya vitabu ilipofurika Mwanza, nilinunua vitabu vitatu vya mwandishi mmoja Myahudi: riwaya, hadithi za marabi, na cha falsafa kilichouliza kama Mungu yupo. Vyote nilivijaladia kwa karatasi ya mfuko wa saruji, kama tulivyozoea shuleni.

Mama, bila kuniuliza, akampelekea babu kimoja kwa meli, akidhani ni cha marabi. Babu alikuwa mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa kule kisiwani, Nansio. Meli ilikuwa imeshaondoka nilipokuta cha marabi kipo mezani, cha falsafa hakipo.

Wiki mbili nilingoja hasira ya mzee wa kanisa. Babu akaja, mikono mitupu.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Kitabu sirudishi. Yule mwandishi anagombana na Mungu kama Ayubu, na mimi nina yangu ya kumwuliza.”