Dumu la Kwenda Kiberege na Kurudi

Mwezi uliopita nilirudi Ifakara nikiendesha gari langu mwenyewe, na kabla sijamaliza kuzizungukia nyumba zote nilizopaswa kusalimia, gari likaanza kukohoa. Fundi niliyeelekezwa alikuwa kijana mchangamfu. Aliinamia injini kwa muda, akainuka, kisha akanishauri jambo ambalo sikuwa nimemuuliza. "Mama, hili la leo ni plagi tu. Ila tukikutolea chujio hili la hewa tukaweka la spoti, halafu tukachezea kontrol boksi kidogo, litakuwa jepesi kama pikipiki. Na mafuta litakuwa linanusa tu." Nikamuuliza ana uhakika gani. "Nimeyafanyia mengi, mama. Hakuna aliyerudi kulalamika."

Maneno hayo ya mwisho niliwahi kuyasikia, karibu yale yale, nikiwa mtoto. Mikono yake ilinuka petroli, na harufu ile ikanirudisha kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya baba, dumu dogo likiwa katikati ya miguu yangu.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara iendayo Kiberege, pale mji ulipokuwa unaishia na mashamba ya mpunga yakianza. Wewe uliyekulia bondeni huhitaji kusimuliwa asubuhi za huko: ukungu juu ya majaruba, sisi watoto tukiamia ndege kwa kugonga makopo hadi sauti zikakauka, na mchana ukirudi nyumbani unakutana na wali mpya na kitoga, samaki wa mtoni, aliyekaushwa moshini. Aliyeitawala nyumba hiyo ni bibi, mama yake baba, aliyeteremka kutoka upande wa Mahenge akiwa msichana na kulilima shamba lake kwa jembe la mkono tangu hapo. Alikuwa na usemi wake kwamba mpunga hauulizi nani amechoka.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli. Ilipeleka mpunga mashineni, wagonjwa hospitalini, maharusi kanisani, na wakati mwingine jeneza. Tatizo lake lilikuwa moja tu, na bibi hakuacha kulitaja: "Gari hili lina kiu ya mlevi wa Jumatatu." Masika barabara ya Kidatu ilipokatika, petroli ilikuwa adimu kuliko sukari, na pikapu ilisimama uani siku nyingi kuliko ilivyotembea.

Hapo ndipo alipojitokeza jirani yetu mfugaji, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka michache nyuma. Aliitamani ile pikapu, na alikuwa tayari kuibadilisha kwa jozi ya maksai waliokwisha kufundishwa kulima, pamoja na plau lao. Bibi alisisimka. Baba alinyong'onyea. Kwake yeye, kuwa dereva ndiko kuwa mtu. Bila usukani hakujua asimame vipi mbele ya watu. Siku moja, akiwa amebanwa wakati wa kula, alisema kwa hasira kwamba gari lake ni zima, linakwenda Kiberege na kurudi kwa dumu dogo moja la petroli. Bibi akanawa mikono taratibu. "Basi na liende. Lisiporudi, maksai waje."

Dumu la kwanza lilijazwa kituo cha mafuta mjini, petroli ikaishia sawasawa kwenye mstari uliochorwa ubavuni. Baba alifunga mpira kutoka dumu hadi kwenye injini ili tangi lisihusike, nami nikapewa kazi ya kulishikilia lisipinduke. Kwenda kulikuwa kuzuri. Wakati wa kurudi, paa la kanisa likiwa limeshaonekana, mpira ulifyonza hewa, gari likatetemeka, likanyamaza. Aliyetukuta ni yule yule mfugaji, akiwa na maksai wake wawili. Akatusalimu kwa Kisukuma: "Mwangaluka, dereva! Ng'ombe wangu wanakula majani ya Mungu, hawajawahi kunizimikia njiani." Alifunga minyororo, akatuvuta hadi uani, huku watoto wenzangu wakishangilia nyuma. Baba alishika usukani muda wote kana kwamba bado anaendesha.

Akaomba nafasi nyingine moja. Bibi alikubali, ila akasema ni ya mwisho.

Fundi wa mtaa wetu aliitwa. Alifungua kabureta na kupitisha uzi mwembamba wa shaba katika kile kitundu cha kupitishia petroli, ili petroli ipite kwa shida kama maji kwenye mfereji uliozibwa kwa matope. "Nimeyafanyia mengi," alisema, "hakuna aliyerudi kulalamika." Kweli, pikapu ilianza kunywa kidogo. Lakini ilianza pia kuchemka, kwa sababu, kama nilivyoelewa baadaye, injini inayonyimwa petroli huungua kwa joto. Fundi akarudi, akang'oa thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke hadi injini ipate moto. Kuchemka kukaisha. Sasa asubuhi injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na baba alilazimika kuvuta choki ili iongezewe petroli, na kuiacha ikinguruma muda mrefu, ikitema moshi mweusi wenye harufu ya petroli isiyoungua. Fundi alikuwa na dawa ya hilo nalo. Mama, aliyekuwa akipeta mchele pembeni, alisema tu, "Mnaziba huku, panavuja kule."

Siku ya jaribio la pili kituo cha mjini kilikuwa kimekauka. Tukaenda kwa jirani yetu mwingine, mama aliyeuza mafuta ya taa na petroli ukumbini kwake. Alijaza dumu letu hadi kwenye mstari. Kisha, kama alivyofanya kwa kila mteja wa jirani, akachukua kopo lake dogo, akachota tena, akamimina juu ya mstari hadi shingoni. "Na hii nyongeza yenu." Nililiona jambo hilo kwa macho yangu na sikuliona. Nyongeza ilikuwa sehemu ya kipimo. Uliponunua mchicha uliongezewa. Uliponunua dagaa uliongezewa. Muuzaji aliyeishia kwenye kipimo kitupu alikuwa mgeni, au alikuwa amekukasirikia.

Baba alivua viatu, akaendesha pekupeku ili mguu uhisi pedeli vizuri, akiigusa kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Hakuwa na mzigo hata wa mkungu wa ndizi. Njia ilikuwa kavu. Tulifika Kiberege, tukageuka sokoni bila hata kushuka, na wakati wa kurudi nilimwona akisali midomo ikichezacheza. Petroli ilishuka, ikashuka, ikabaki kama ya kulowanisha kitako cha dumu tu. Ndipo tukaingia uani, injini bado ikinguruma. Baba aliinamisha kichwa juu ya usukani. Bibi akasimama mlangoni mwa jiko na kutamka, "Gari limejitetea." Mfugaji, aliyekuwa akitusubiri uani, alicheka, akaondoka na maksai wake.

Kwa hiyo pikapu ilibaki, na bibi akabaki na jembe lake. Misimu iliyofuata nilimtazama akiinama katika maji ya jaruba, mgongo ukizidi kupinda, wakati plau ya jirani ikipasua shamba la pili. Hakuwahi kunung'unika. Na pikapu je, ilipunguza kunywa? Baba aliapa kwamba ndiyo. Mama aliapa kwamba ni ile ile. Ikiwa tupu barabarani ilionekana kubana petroli; ikibeba magunia ilikosa nguvu, na baba aliikandamiza pedeli hadi sakafuni. Mwishowe valvu ziliungua, na kuku wakaanza kutagia ndani yake.

Nilipofika chuo kikuu, siku moja darasani niliambiwa kwamba huwezi kupima athari ya jambo moja ikiwa umebadilisha mengine pamoja nalo. Nikaweka kalamu chini. Uzi wa shaba, thamostati, njia kavu, miguu ya baba isiyo na viatu, kopo la nyongeza: ni kipi kilichotufikisha nyumbani? Nimesoma mengi tangu wakati huo, na jibu limezidi kunikimbia.

Safari hii, kabla ya kuondoka, nilikwenda kumwamkia yule mama wa petroli. Sasa ni mzee sana, lakini ananifahamu kwa sauti. Nilimsimulia ya fundi kijana, akacheka hadi akakohoa. "Ukoo wenu mnahangaika na mafuta tangu baba yako." Kisha akasema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana, kwamba asubuhi ya siku ya lile jaribio la pili bibi alipitia kwake akitoka shamba, miguu ikiwa na tope, akamwambia: "Mwanangu akija, usimpimie kama mgeni."

Nilimuuliza bibi alikuwa na maana gani. Alijua kituo kimekauka? Alitaka gari lishinde, na maksai wasije? Mzee alinishangaa. "Mjukuu wangu, ndivyo tulivyokuwa tukiambiana. Nani angesema vingine?"

Bibi hayupo, baba hayupo. Huenda bibi aliwaacha maksai kwa hiari yake ili mwanawe aendelee kuwa dereva. Huenda alisema tu yale ambayo kila mama wa bondeni aliyasema mtoto alipokwenda dukani. Nalipindua jambo hili kila upande, na kila upande linaniangalia vile vile.

Fundi nilimwambia aweke plagi tu. Nikapita kituoni kujaza mafuta ya safari. Namba zilikimbia kwenye pampu, zikafika pale nilipoagiza, zikasimama hapo hapo. Mhudumu alitundika mpira, akafunga mfuniko wa tangi. Mimi nilibaki nimekaa, kioo kikiwa chini, nikimtazama.

"Bado kuna kitu, mama?" aliniuliza.

Nikamwambia hapana, nikawasha gari.