Siku Niliyoshika Kinyonga Kanisani

Wakati wetu pale mtaani Makomeno, watoto wa Kikristo tulikuwa na imani mbili: ya Jumapili, na ya siku sita zilizobaki. Jumapili tuliimba kwamba Yesu ameshinda yote. Jumatatu hakuna aliyethubutu kufagia nyumba jua likiisha kuzama. Baba yangu, shemasi mwenye sauti ya kutetemesha mabati, alifunga kamba ya mizizi kiunoni chini ya shati jeupe. "Ni ya mugongo," alituambia. Mgongo haukuwahi kumwuma.

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa Mama Albertine, mjane kutoka Kasai, muuza vitenge. Asubuhi moja kinyonga alitokea dirishani, tukatawanyika tukilia. Baba akaja mbio kutuokoa, akamwona mnyama, akarudi mbio zaidi.

Mama Albertine akamweka kinyonga kiganjani.

"Mungu njo aliumba huyu, ao hapana?"

"Aliumba!"

"Sasa munaogopa nini?"

Nilikuwa na miaka tisa. Nikanyoosha mkono. Vidole vya baridi vya kinyonga vikanishika kama vya mtoto mchanga.

Nyumbani, bukari, ugali wetu, ilipoa mezani. "Mutoto mwanamuke kugusa kinyonga!" Mama yangu alilia. "Hatazala huyu!" Akaniogesha majani machungu siku tatu. Shemasi wetu alikaza kamba yake kiunoni.

Nikaolewa. Miaka minne, hakuna mimba. Mama yangu aliangalia mkono wangu tu. Nami, kiongozi wa maombi ya wanawake, nikaanza kuuangalia pia. Midomo yangu ilikuwa imeokoka, mkono bado.

Nikaenda kwa Mama Albertine, sasa mzee, nikamwambia yote kwa aibu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mutoto wangu, ile siku nilikuwa naogopa kupita ninyi bote. Ukingojea woga iishe kwanza, hautatembea na Mungu hata hatua moja."

Tukaomba. Sijazaa hadi leo, na Mama yangu alikufa akiwa na hakika ya sababu. Mimi niliacha kuitafuta, nikajifunza kumwamini Mungu hata asiponipa.

Watoto wa marehemu dada yangu, niliowalea, wananicheka: "Tantine, kumbe mulikuwa munaamini ile vitu?" Wasomi hao hawaendi kwenye mtihani bila kupaka kalamu zao za bic mafuta ya nabii wa kanisa lao, na picha yake inalinda telefone zao. Natamani wangepata mwalimu kama wangu. Sisi woga tulipewa bure nyumbani. Wao wanaupangia mstari kwa nabii Jumapili nzima, chupa ya mafuta mkononi.