Ndoo niliyolirudishia ziwa

Juzi nilisoma tangazo kwenye ukuta wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa wetu: ni marufuku kufua bombani. Hasira ikanipanda, kwa sababu wakati wa Zaire, nikiwa mtoto, mlinzi wa bomba alimnyang'anya mama beseni kwa kosa hilo hilo.

“Mama, unamaliza maji ya bantu, maji ya watu wote!” alifoka.

Nilimwamini. Nikabeba ndoo yetu ya mwisho ya maji hadi ziwani, nikaimwaga, ili kurudisha tulichomaliza. Njiani niliona mpira wa maji ukinyunyizia maua ya mkubwa wa mlinzi yule, udongo ukinukia kama mvua. Nilidhani maua yale yanaumwa.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa na homa, midomo imekauka, akiomba maji.

“Nani alikuambia ni sisi njo tunamaliza maji?” mama aliniuliza.

“Mlinzi,” nilijibu kwa heshima, kama ninayemtaja mwalimu.

Heshima ile ndiyo inayonikasirisha mpaka leo.